Mkichangia utafiti wa kiharusi, mfuateni mgonjwa hadi nyumbani

Mama yangu alipopatwa na kiharusi, michango ya ukoo ililipia gari, kipimo cha CT (picha ya ndani ya ubongo), kitanda na dawa za presha. Ilitosha mpaka siku aliporuhusiwa. Yaliyofuata ndiyo yaliyotulemea: kumgeuza asipate vidonda, kumlisha asipaliwe, kumsaidia apate tena maneno. Tuliambiwa tu kwamba afanye mazoezi. Yapi? Mara ngapi? Kila tuliyemuuliza alikuwa na jibu lake.

Kwa hiyo ninyi wa vikundi, makanisa, misikiti, na ndugu mlio ughaibuni mnaotaka kuchangia matibabu ya kiharusi, nawashauri hivi: sehemu ya fedha hizo iende kwenye utafiti, hasa wa maisha ya mgonjwa akishatoka wodini.

Utafiti huonekana anasa pale ambapo hata glavu hazitoshi. Lakini tazameni kilichofanyika wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, na Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006 kwa ufadhili wa Wellcome Trust, shirika la hisani la Uingereza. Watafiti hawakuwangoja wagonjwa hospitalini tu, waliwatafuta hata majumbani. Baada ya kusawazisha tofauti za umri, walikuta wagonjwa wapya wapatao 109 kwa mwaka katika kila watu 100,000 huko Hai, na 316 Dar es Salaam. Karibu mara tatu! Kabla ya hesabu ile, nani angeweza kumwonyesha waziri ukubwa wa tatizo hili mjini?

Wala msiogope utafiti unaoleta jibu la hapana. India, katika hospitali 14, wagonjwa 1,250 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja, ndugu zao walifundishwa kuwafanyisha mazoezi nyumbani. Jingine liliendelea na huduma ya kawaida. Baada ya miezi sita, asilimia 47 ya kila kundi walikuwa wamefariki au bado wanamtegemea mtu. Matokeo hayo ya mwaka 2017 yaliniuma, kwa sababu ndugu ndio tegemeo letu kubwa. Hata hivyo yana thamani. Kwangu mimi hayasemi mgonjwa aachwe akae tu. Yananifanya nidai mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya mazoezi ya viungo) alipwe amfikie mgonjwa kijijini, na kazi yake nayo ipimwe vivyo hivyo.

Saa za mwanzo nazo zinahitaji fedha, maana dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya kipimo kuonyesha kwamba ubongo hauvuji damu. Ila kwangu mimi, chumba cha mgonjwa kule kijijini Machame, Hai, ndicho kinachosahaulika zaidi.

Kabla ya kutoa, ulizeni watafiti watapima nini. Mimi ningetaka wapime kama mgonjwa anavaa mwenyewe, anakwenda chooni, anaeleweka akisema. Na binti aliyeacha biashara ili amuuguze amepoteza kiasi gani. Takeni pia ahadi kwamba matokeo yatarudishwa kwa familia kwa Kiswahili.

Nanyi wenye wagonjwa, mkiombwa kushiriki, ombeni kuona kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya Tanzania ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Ulizeni madhara yanayoweza kutokea. Mgonjwa ana haki ya kukataa, au kujitoa katikati, na matibabu yake yakaendelea kama kawaida. Akidaiwa ada ya kushiriki, ondokeni.