Hiyo lafudhi ni ya bibi yako

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Unasema kila ukimwambia mteja "tutalekebisha", wenzako hapo dirishani wanaangaliana na kucheka. Unaniuliza: "Mama, lafudhi hii niliitoa wapi, na itanitoka lini?"

Uliitoa mgongoni kwa bibi yako. Ulikuwa na miezi 4 niliporudi chuoni kumalizia ualimu, nikakuacha Maswa. Alikufunga kwa kanga akipepeta mtama, akikusemesha kutwa nzima, tangu "mwangaluka" ya asubuhi mpaka hadithi za usiku. Kisukuma hakina r. Hata Kiswahili chake kilipita humo humo: lula, balua, sufulia.

Sikio la mtoto hujipanga mapema sana. Watafiti waliwapima watoto wachanga wa Japani na Marekani. Wa miezi 6 hadi 8 walitofautisha r na l sawasawa; walipokaribia mwaka, wa Marekani walizidi kuzipambanua, wa Japani wakawa wanazichanganya, maana lugha ya kwao haizitenganishi. Siyo uvivu wa ulimi, mwanangu, wala uchache wa shule.

Hili linaniuma. Mimi r niliipata ukubwani, chuoni, kwa kuchekwa. Mwaka wangu wa kwanza kazini nikamsimamisha mtoto wa darasa la tatu mbele ya wenzake arudie "rula" mpaka aiweze. Alijaribu huku amekazia macho mdomo wangu, jasho likimtoka puani. Darasa likacheka, nami nikaliacha licheke. Mwaka ule hakunyoosha mkono tena.

Hao wenzako nao wana lafudhi, ila yao ilibahatika. Mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa, Kiunguja ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Wenyeji wa mji huo huo, ambao kwao macho ni "mato" na kucheka ni "kuteka", wakajikuta wanasahihishwa na vitabu, na lugha ni yao tangu mababu!

Ukitaka kujifunza r kwa ajili ya wateja, jifunze, nitakusaidia. Lakini usijifunze kwa aibu kama nilivyojifunza mimi.

Jana bibi yako ameuliza unakuja lini. Jina lako linaanza na r, na kinywani mwake halijaanza na r hata siku moja. Nimemwambia Desemba.

Mama yako