Chai haiifanyi kadi kuwa ya 1952

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Columbus, Ohio. Mwanangu ana miaka 11, anacheza besiboli timu ya mtaa, na msimu ukiisha nataka niwatengenezee watoto wote 13 kadi zenye picha ya mchezaji, za mtindo wa zamani, kama zile za kampuni ya Topps za 1952. Picha ninazo, muundo nimeshaupanga kwenye kompyuta. Shida ni kwamba kadi zinatoka mpya mno, zinang'aa kama tangazo la simu. Nimeona video za watu wanaoziloweka kwenye chai ya rangi, wanazikausha kwenye oveni, halafu wanasugua pembe kwa msasa. Je, chai iwe nzito kiasi gani, na oveni iwe nyuzijoto ngapi?

JIBU: Marahaba. Chai usichemshe, oveni usiwashe, na msasa mrudishie seremala.

Video hizo nazijua, na haupiti mwezi sijaletewa kadi iliyolowekwa nikaulizwa kama inaweza kuokolewa. Haiwezi. Wino wa printa nyingi za nyumbani ukigusa maji unatiririka. Ukichapa kwa printa ya leza, tona yake ni plastiki, hainywi chai, kwa hiyo kinachobadilika ni karatasi peke yake: sura ya mtoto inabaki mpya inang'aa na fremu inakuwa kama imefukuliwa shambani. Kadibodi inavimba, inapinda, na chai inajikusanya pembeni na kuacha mstari mweusi kama wa ukuta uliopitiwa na mafuriko. Karatasi iliyozeeka kwa miaka haina mstari huo.

Lakini kinachonikera si kadi zilizoharibika. Ni hili wazo kwamba ukale ni uchafu. Mtoto aliyefungua pakiti ya Topps mwaka 1952, ambayo ndani yake mlikuwa na bazoka, alishika kadi mpya, pembe kali kama wembe, inanukia bazoka. (Na Bazooka lilikuwa jina la bidhaa ya Topps haohao, ndiyo tuliyokuwa tukitafuna utotoni bila kujua besiboli ni nini.) Kadi namba 311 ya seti ile, ya mchezaji Mickey Mantle, iliyouzwa dola milioni 12.6 mwaka 2022 ni safi kuliko shati langu la Idi. Haina doa, haina mkunjo, na bado ukiitupia jicho mara moja unajua ni ya wakati ule. Kinachokwambia hivyo ni mashine iliyoichapa.

Basi tuanze na mashine. Picha za seti ile zilikuwa nyeusi na nyeupe, zikapakwa rangi kwa mkono kabla ya kwenda kuchapwa. Ndiyo maana anga ni la bluu moja tu na mashavu yana wekundu usiokuwepo kwa binadamu yeyote. Picha zako za simu zina rangi milioni kadhaa. Hapo ndipo upya unapotoka. Ziondoe zote. Ibakize picha nyeusi na nyeupe, ongeza tofauti ya mwanga na giza, kisha rudisha rangi kwa brashi, chache, bapa: ngozi, kofia, jezi, nyuma yake. Ngozi za watoto wetu zinahitaji uangalifu hapa. Ukiongeza giza kwa pupa sura inapotea chini ya ukingo wa kofia, kwa hiyo fungua kwanza vivuli vya usoni.

Halafu nukta. Mashine ya ofseti, ile ya kiwandani inayochapa kwa pleti, haijui rangi nusu. Inaweka wino au haiweki. Wepesi na uzito wa rangi vinatokana na nukta ndogo na kubwa, na kila wino unapangwa kwa pembe yake: mweusi digrii 45, majenta (wekundu wa waridi) 75, sayani (bluu nyepesi) 15, njano 0. Programu yoyote nzuri ya picha itakugawia wino hizo nne na kuzigeuza nukta. Weka mistari 120 hivi ya nukta kwa inchi, faili isipungue pikseli 600 kwa inchi, na ukishamaliza usibadilishe ukubwa hata kidogo, maana utaleta mawimbi juu ya picha. Kama unataka saizi ya 1952 kamili, ni inchi 2⅝ kwa 3¾. Ukitaka ziingie kwenye mifuko ya plastiki inayouzwa kila duka, tumia 2½ kwa 3½, saizi ambayo Topps waliihamia mwaka 1957.

Hapa wengi wanakosea: wanageuza kadi nzima kuwa nukta, pamoja na jina na fremu. Herufi na mistari ilichapwa kwa wino mzima. Nukta ni za picha tu.

Ukitaka kosa la kiwandani, sogeza wino mmoja, tuseme majenta, sehemu mbili za kumi za milimita, upande uleule kwa kadi zote 13. Karatasi kubwa moja ilibeba kadi nyingi, na pleti ikihama zinahama zote pamoja. Mtu anayehamisha kila kadi kivyake anajionyesha kwamba hajawahi kuosha mashine ya kuchapa.

Karatasi: chapa uso kwenye karatasi nyembamba isiyong'aa, yenye weupe wa maziwa, na mgongo kwenye nyingine ya aina hiyohiyo. Katikati weka kadibodi ya kijivu, hata ya boksi la nafaka za asubuhi. Gandisha kwa gundi kavu, laza vitabu vizito juu yake mpaka kesho, kisha kata kwa kisu kipya na rula ya chuma, uso ukiwa juu. Mgongoni Topps waliweka mistari miwili ya takwimu, mwaka uliopita na maisha yote. Kwa mtoto wa miaka 11 mistari hiyo miwili inakaribia kufanana, na ndiyo raha yenyewe.

Sasa niseme lililonifanya nijibu kwa urefu. Mwaka juzi kijana mmoja alikuja na kadi ya Honus Wagner, mchezaji wa besiboli wa zamani, aliyoinunua kwenye mauzo ya vitu vya nyumbani, dola 400. Ile seti ya kampuni ya tumbaku, iliyotoka kati ya 1909 na 1911. Ilikuwa kahawia vizuri, pembe zimelika, mkunjo mmoja umekatiza kifuani. Alikuwa ameifunga kwenye leso. Niliweka lensi juu ya jina lililo chini ya picha. Kwenye kadi halisi herufi zile ni wino wa kahawia mzima. Yake zilikuwa nukta, nyekundu, njano, bluu, zimebanana kama mchanga. Nikazima taa, nikawasha tochi ya mwanga wa urujuanimno: karatasi ikawaka bluu. Karatasi za enzi ya Wagner hazikuwa na kemikali ya kung'arisha, haziwaki. Kijana hakusema kitu, aliikunja ile leso tu.

Nina hakika aliyeitengeneza hakuwa tapeli. Alikuwa mtu kama wewe, alitaka kadi nzuri ya kuweka ukutani, akaona video ya chai. Akafariki, au akahama, na boksi likauzwa. Matapeli wa kweli wako ngazi nyingine: Bill Mastro, mtu wa minada aliyeheshimiwa nchi nzima, alikiri mahakamani mwaka 2013 kwamba aliikata kingo kadi ya Wagner iliyokuwa maarufu kuliko zote, ili ionekane kali. Kumbuka, yeye alikuwa anaifanya ya zamani ionekane mpya. Thamani iko huko. Wanaokuuzia dawa ya kuzeesha hawajui hata soko wanalojifanya wanalijua.

Kwa hiyo usiige kadi ya mchezaji wa kweli na kuichafua, hata kwa utani, na nembo za timu kubwa ziache, hasa kama utakuja kuuza. Kwa kadi za watoto, andika mgongoni mwaka uliozitengeneza, herufi ndogo chini ya takwimu, wino mzima. Halafu kabla ya kubandika, chukua penseli uandike mwaka huohuo kwenye ile kadibodi ya kijivu ya katikati. Mtu akikwangua maandishi ya nje miaka thelathini ijayo, atakayeibandua atayakuta ya ndani.