Nyaya za Meno na Madhara Yake

*Binti yangu wa miaka 13 aliwekewa nyaya miezi mitatu iliyopita, na sasa naona madoa meupe kama chokaa pembeni ya vile vyuma. Je, nyaya zinaharibu meno yake?*

Mama, kinachoyaharibu ni ukoga unaojificha kando ya vyuma. Vijidudu vilivyomo hula sukari na kutoa asidi, nayo huyanyonya madini ya jino hata doa likaweza kuonekana ndani ya wiki nne. Simama naye mbele ya kioo, umwangalie anavyopiga mswaki: wengi husugua vyuma vikang'aa, wakauruka ule ukanda mwembamba kati ya chuma na ufizi, na hapo ndipo madoa huanzia. Asugue hapo asubuhi na usiku kwa dawa yenye floraidi, apitishe kijibrashi chembamba chini ya waya, kisha ateme povu bila kusukutua. Soda na chai ya sukari inayonywewa kidogo kidogo mchana kutwa apunguze kabisa. Madoa mapya huweza kufifia, lakini mengine hubaki, kwa hiyo nakusihi umwone daktari wake wiki hii, kabla doa halijawa tundu.

*Kila waya ukikazwa nashindwa kutafuna, na shavu limechubuka.*

Maumivu hayo hupoa baada ya siku chache. Kula uji na vyakula laini, na ubandike nta ya meno juu ya chuma kinachokwaruza. Waya ukichomoza, rudi kliniki ukatwe huko.

*Ni kweli kwamba mizizi ya meno hufupika?*

Ni kweli, ingawa kwa wengi hufupika kidogo sana, pasipo kulidhoofisha jino. Jino husogea kwa sababu mfupa huyeyushwa upande mmoja na kujengwa upande wa pili, na katika kazi hiyo ncha ya mzizi nayo huweza kulika. Hatari huongezeka nguvu ikizidi, matibabu yakirefuka, au jino likiwa limewahi kuumia. Hivyo mweleze daktari hata kuhusu ajali yoyote ya utotoni, kama ya baiskeli, na umuulize ni lini atapiga eksirei nyingine.

*Nilivuliwa nyaya mwaka jana, na meno yameanza kupandana tena.*

Huenda uliacha kuvaa kifaa cha kuyashikilia. Usikilazimishe kuingia ikiwa sasa kinabana. Kipeleke kwa daktari akipime upya, kisha ukivae kila usiku kama atakavyokuelekeza.