Maswali na majibu: Njia yetu ya baskeli inageuka korongo kila mvua

SWALI: Assalamu alaykum, Mhandisi. Sisi ni vijana wa Wilaya ya Micheweni, Pemba. Tuna njia ya baskeli za milimani tuliyoichonga wenyewe kwa kujitolea. Inaanzia juu ya kilima chenye mikarafuu, inapita ukingoni mwa bonde la mpunga na kumalizikia karibu na msitu wa Ngezi. Kipande cha kilimani, kama mita 100, kinashuka moja kwa moja. Masika yaliyopita kilichimbika korongo la kufika magotini. Tukalijaza udongo, tukapanga viroba vya mchanga na magogo ya minazi kukinga maji. Vuli ikaja ikazoa vyote. Bondeni nako pana dimbwi, watu wanalizunguka na njia inazidi kupanuka, na wenye mpunga wanalalamikia tope. Tulianza wengi, siku hizi tunabaki wachache. Je, tumwage zege? Na pikipiki tuzizuie vipi?

JIBU: Waalaykumu salaam, vijana. Saruji iacheni dukani. Zege jembamba juu ya udongo wenu wa kinamo, kwenye mteremko ule, litapasuka mara maji yakipata upenyo chini yake, nanyi mtabaki na korongo lilelile lenye mabonge ya zege ndani. Tena msilijaze hilo korongo kwa mara nyingine. Udongo wa kumwaga haushikani kama ule ambao haujawahi kuguswa na jembe. Mvua kubwa ya kwanza huuchukua wote na kumpelekea mwenye mpunga. Kinachotakiwa ni kuihamisha njia.

Maji ya mvua hushuka kilimani kwa kukata palipo pafupi, na ninyi njia mmeichonga palepale. Matairi yakabonyeza mfereji katikati, breki za nyuma zikauchimbua zaidi, na mfereji ukishapatikana, maji yanayoingia juu hayana pa kutokea mpaka chini. Yanakusanyika, yanapata kasi, na kasi ndiyo inayong'oa udongo. Magogo yenu hayakuwa na la kufanya. Gogo lililolazwa kukatiza njia hukamata tope kwa muda, nyuma yake pakajaa, kisha maji hupita juu yake au huzunguka pembeni na kuchimba mfereji wa pili. Mwendesha baskeli naye hapendi kuligonga, hulikwepa kwa upande uleule ambao maji yamelikwepa. Basi kila mlipoweka kizuizi mlizalisha njia mbili.

Njia mpya ipite ubavuni mwa kilima, ikishuka polepole. Wajenzi wa njia hizi wana kanuni ambayo naiona inafaa hata kwa vijia vya kwenda shamba: mwinamo wa njia usizidi nusu ya mwinamo wa ubavu inakopita. Ukizidi hapo, maji yanaona wepesi kuifuata njia kuliko kuikatiza. Kupima ubavu hakuna gharama. Chukueni mti ulionyooka wa mita 2, ncha moja iguse ardhi upande wa juu, mti ulale sawa kwa pimamaji ya mwashi, halafu pimeni ncha ya pili imeachana na ardhi kwa kiasi gani. Sentimita 50 ni mwinamo wa asilimia 25, na hapo njia isizidi asilimia 12. Sentimita 20 ni asilimia 10, na njia isizidi 5. Hili la pili linawashangaza wengi, kwamba mahali palipo karibu na tambarare ndipo penye masharti magumu zaidi.

Hiyo ni mipaka ya juu, si lengo. Baskeli za milimani tunazozijua leo zilianzia wilaya ya Marin, California, miaka ya 1970, na IMBA, jumuiya ya kimataifa ya waendesha baskeli za milimani iliyozieneza kanuni hizi, ilianzishwa hukohuko California mwaka 1988. Kule majira ya joto hupita miezi mingi bila mvua ya maana. Sisi tuna masika Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Disemba, na udongo unaoganda kwenye tairi mpaka gurudumu likatae kuzunguka. Wao wanaona wastani wa asilimia 10 unavumilika. Kwa Pemba mimi ningebaki kwenye 6, na zile kona zilizoinuliwa na vilima vya kurukia vinavyoonekana kwenye video ningeviweka kando mpaka njia imemaliza masika mawili ikiwa salama.

Mjue basi ukubwa wa kazi. Kama kilima chenu kinashuka mita 20 katika hizo mita 100, kwa mwinamo wa asilimia 6 mtahitaji njia ya mita 330 hivi. Ni zaidi ya mara tatu, lakini ni ya kuchimba mara moja.

Kuichora tumieni fremu ya herufi A, ileile ya mabwana shamba wanayopimia matuta ya kontua. Miguu iachane mita 2, katikati ininginie kamba yenye jiwe kama timazi. Kwanza ipimeni mahali palipo sawa, mtie alama kamba inapokaa kwenye mti wa kukingama. Kisha mguu mmoja uongezeeni kipande cha mbao cha sentimita 12. Mguu huo ukitangulia upande wa chini, na kamba ikikaa kwenye alama, mko kwenye asilimia 6 kamili. Pigeni kigingi, geuzeni, endeleeni. Watu wawili na mtoto wa kubeba vigingi wanaweza kuchora kilima kizima kwa asubuhi moja, na hiyo ndiyo asubuhi yenye thamani kuliko zote mtakazofanya kazi. Wengi huiruka kwa sababu haitoi jasho.

Vigingi vikishasimama, msishike jembe bado. Piteni na sheha na watu wenye vyao. Mnajua kwetu ardhi ina mwenyewe na mti una mwenyewe. Mikarafuu yaweza kuwa ya mzee mmoja na muhogo ulio chini yake ukawa wa mwingine kabisa, na wote wawili wana haki ya kuulizwa. Mkarafuu haupendi mizizi yake ikatwe wala ituamiwe na maji, kwa hiyo msipeleke mtaro wa maji shinani na msilundike udongo hapo. Kubalianeni pia kwamba msimu wa kuchuma, kipande hicho kinafungwa. Watu wako juu ya miti, watoto wanaokota chini, hapana nafasi ya baskeli ya mtu anayeshuka kwa kasi.

Kwenye uchimbaji, kosa linalorudiwa kila mahali ni kuchimba nusu ya njia na kuitengeneza nusu ya pili kwa udongo uliotoka. Nusu hiyo ya kumwaga huporomoka. Kateni kilima mpaka upana wote, sentimita 80 hivi, uwe juu ya udongo asilia, na udongo uliochimbwa mtawanye mbali upande wa chini, kwenye majani. Ukuta wa juu mlaze, usisimame wima. Uso wa njia uiname kidogo kuelekea bondeni, sentimita 4 kwa upana huo, ili maji yavuke na kwenda zake. Wekeni ndimu katikati ya njia. Ikibingirika upande wa bonde, sawa. Ikituama au ikifuata njia, rudini na jembe.

Lakini mwinamo huo wa pembeni hautadumu peke yake, kwa kuwa matairi yataubonyeza tu. Kinachookoa njia miaka na miaka ni kuivunja safari ya maji: kila baada ya mita 10 hadi 15 njia ishuke kwenye mbonyeo mdogo kisha ipande kidogo kabla ya kuendelea kushuka. Maji yaliyoifuata njia yakifika hapo hayawezi kupanda, yanatoka pembeni. Mbonyeo uwe mrefu, mita 4 au 5, ili baskeli ipite bila kustuka, na mlango wa maji uwe mpana, mita nzima au zaidi, kwa sababu mlango mwembamba unazibwa na majani ya siku mbili. Mwinuko unaofuata ushindilieni kwa gogo zito udongo ukiwa na unyevu. Ndiyo maana kazi hii huipanga kipupwe, kuanzia Juni, ardhi ikiwa laini bado na mvua kubwa zimekwisha. Kaskazi kinamo kinakuwa kigumu hata sururu inadunda, na ukikishindilia kikavu hakishikani.

Kona ziwe chache, na muziweke pale ubavu unapolegea. Kabla ya kila kona pawe na mbonyeo wa kutoa maji, vinginevyo kipande cha juu kitamwagia cha chini. Vichaka vilivyo kati ya vipande viwili msivifyeke. Ndivyo vinavyomzuia mtu kukata mkato.

Korongo la zamani lifungeni siku mnapofungua njia mpya, si mwezi baadaye. Juu kabisa, mahali maji yanapoingilia, ndipo pa kuanzia: yageuzeni yaende kwenye majani. Ndani yake kingeni fito na matawi kila baada ya mita chache, jazeni makumbi ya nazi nyuma yake, na kwenye kingo pandeni mchaichai kwa vikonyo vilivyogawanywa. Mchaichai hushika udongo vizuri, na mwenye shamba atakata wa chai. Mwanzoni mwa njia hiyo ya zamani tupeni matawi yenye miba, maana mtu aliyezoea njia haachi kwa kuambiwa.

Sasa bondeni. Wenye mpunga wana haki kulalamika. Tope likiingia kwenye jaruba linafukia miche, na mkiwapoteza wazee hao mmepoteza njia. Msitoe maji yenu yote mahali pamoja. Milango mingi midogo, kila mmoja ukimwaga kwenye majani mazito, inachuja tope kabla ya kufika chini, na kati ya mlango wa mwisho na jaruba la kwanza mimi hutaka angalau mita 10 za majani yasiyofyekwa.

Dimbwi halizibiki kwa mchanga. Mchanga unazama, mnaongeza, unazama. Kama ubavu ulio juu yake unaruhusu, pandisheni njia ipite pale ardhi inapoanza kuinama, hata ikiwa ni mita chache tu kutoka bondeni. Kama hakuna nafasi, inueni njia. Micheweni kwa mawe hamna shida. Pangeni mawe yaliyosimama kwa ubavu, yamebanana, theluthi mbili yakiwa ardhini, zibeni nafasi kwa kifusi, na pande zote mbili mawe makubwa yatangulie kama ukingo. Mawe yaliyolazwa kama vigae yanageuka chini ya tairi. Ni kazi ngumu, kwa hiyo iwe fupi.

Msituni ni jambo jingine kabisa. Ngezi ni hifadhi, na misitu ya Zanzibar inalindwa na Sheria namba 10 ya mwaka 1996. Hapo hamfyeki hata kijiti bila idhini ya ofisi ya misitu. Nendeni kupitia kamati ya uhifadhi ya shehia yenu mkiwa na mchoro mkononi, na muwe tayari kuambiwa njia iishie nje. Kwa maoni yangu iishie nje. Mle mna popo wa Pemba, asiyepatikana kwingine duniani, naye mchana amelala.

Kuhusu watu kupungua, nadhani hawakuchoka kazi, wamechoka kujaza shimo moja kila msimu. Mkishahamisha njia, utunzaji hautaki umati. Igaweni vipande vya mita 100 au 150, kila kipande kiwe na watu wawili wanaoishi karibu nacho, wenye chepe, jembe na reki. Kazi yao ni moja: kila baada ya mvua kubwa wapite wafungue milango ya maji na kutoa tope lililotuama kwenye mibonyeo. Hiyo ni nusu saa. Mara moja moja watoke mvua ikiwa inanyesha, wamevaa hata mfuko wa plastiki, waangalie maji yanapita wapi. Hakuna kipimo changu kitakachowaonyesha zaidi ya hapo. Kikosi kizima kiitwe mara moja kwa mwaka, kipupwe, na siku hiyo wekeni mtu wa kupika, na kati ya wenye majembe pawe na nafasi ya mita 3. Njia ikiwa mbichi hata ikibonyea kwa kidole, haipandwi, na wa kwanza kutii wawe ninyi wajenzi.

Pikipiki hamtazizuia kwa nguzo. Nguzo mbili zilizoachana sentimita 90 zitazuia gari la ng'ombe, lakini usukani wa pikipiki unapita kila upitapo wa baskeli. Tafuteni vijana hao wanatoka wapi wakienda wapi. Mara nyingi wanafupisha safari tu, na njia inayozunguka ubavuni mita 330 haimfupishii mtu chochote. Wakibaki wachache, sheha na wenye mikarafuu watawasaidia zaidi ya nguzo.

Kabla ya kuanza nipimieni ubavu wa kilima sehemu tano au sita, mniletee na picha ya pale maji yanapoingilia korongo juu. Nikivipata nitawaambia kona ziwe ngapi na zikae wapi.