Gesi ya AC haiishi kama mafuta

Jumamosi nimetoka Tabata mpaka Posta vioo juu, foleni ya Buguruni ni ile ile, na shati halijalowa. Anayeijua Dar ya Februari ataelewa kwa nini nina furaha.

Mwaka jana nilijaza gesi mara tatu. Tatu! Kila mara elfu sitini, na kila mara fundi yule yule: "Bosi, gesi imeisha tu, kawaida hiyo." Wiki tatu baridi safi, ya nne AC inapuliza joto kama tanuri la mkate. Mke wangu akawa ananiuliza anayekunywa hiyo gesi ni gari au mimi. Mpaka leo inaniuma, maana yule bwana nilimwamini kwa sababu ya ucheshi wake tu.

Ndugu zangu, gesi ya AC haichomwi. Inazunguka humo humo. Ikiisha ndani ya mwezi, kuna mahali inavuja, basi.

Aliyenifumbua macho ni fundi kijana mmoja wa mtaa wa Gerezani, hapa hapa Dar. Hakushika hata geji, kile kipimo cha presha. Alifungua boneti, akapitisha kidole kwenye hosi ya kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, pale mpira unapobanwa na kichwa cha alumini. Kidole kikatoka cheusi, kina oili na vumbi. "Mzee, oili ya kompresa inatembea na gesi. Ilipotoka oili, gesi nayo imetokea hapo." Akapaka povu la sabuni, vikaanza kuchemka viputo vidogo. Kompresa imefungwa kwenye injini inayotikisika, kondensa, ile inayopoza gesi kule mbele, iko kwenye bodi. Mtikisiko wote unabebwa na hosi. Mpira utaacha kuchoka?

Kubadilisha hosi yenyewe ni boliti mbili. Ila gesi itolewe kwanza kwa mashine: ukifungua ikiwa ndani inagandisha ngozi, na jichoni usiombe. Oringi, vile vipete vya mpira vya kuziba maungio, ziwe mpya, zipakwe oili ya kompresa, siyo ya injini. Draya, kile kichujio kinachonyonya unyevu, nayo tulibadilisha.

Halafu pampu ya kunyonya hewa, na hapa ndipo mnapoibiwa, fundi anairuka. Unyevu ukibaki ndani unakula mfumo taratibu. Yetu ilinguruma dakika 40, ikazimwa, tukasubiri tuone kama mshale wa geji utarudi, maana ukirudi bado kuna panapovuja. Haukurudi. Ndipo tukajaza gesi kwa mizani, gramu zile zilizoandikwa kwenye stika ya boneti, siyo kwa kukisia.

Nyie mnaoacha funguo kwa fundi mkaenda kunywa chai, mtajaza gesi mpaka mzeeke. Simama hapo hapo. Uliza hewa imenyonywa dakika ngapi. Akinuna, mwache anune.

Juzi nimepita kijiweni kwa fundi wangu wa zamani. Akanikimbilia, "Bosi, leo tunajaza?" Nikashusha kioo kidogo, baridi ikampiga usoni. Akacheka. Mimi nikapandisha kioo.