Miche ya mikoko inakufa: majibu kwa wasomaji wa pwani

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa vikundi vya mazingira, Lamu hadi Rufiji. Tumezipanga kuanzia ile iliyogusa kiini cha tatizo.

Swali: Kikundi chetu kiko wilayani Pangani. Tumepanda mikoko mara tatu kwenye tope lililo wazi mbele ya kijiji, chini kidogo ya mahali wavuvi wanapofunga mitumbwi. Miche inatoa majani, kisha baada ya miezi minne au mitano inanyauka, mingine inang'oka. Tope lenyewe ni laini na zuri. Tunakosea wapi?

Jibu: Mnakosea mahali. Mikono yenu haina tatizo. Tope lililo wazi miaka yote liko wazi kwa sababu, na mara nyingi sababu ni kwamba liko chini mno. Mikoko huota kati ya usawa wa kati wa bahari na pale yanapofika maji ya bamvua kubwa (maji makuu ya mwezi mchanga na mwezi mpevu). Ukishuka chini ya hapo, mche unakaa majini saa nyingi kuliko unavyoweza kuvumilia, mizizi inakosa hewa, na vijidudu vya baharini vyenye gamba gumu vinaganda kwenye shina. Vikiongezeka, mche unalemewa, unainama, na wimbi linamaliza kazi. Chunguzeni miche iliyokufa: kama shina limejaa magamba meupe yanayokwaruza mkono, basi ndilo hilo. Pia huenda mnapanda juu ya majani ya bahari au mahali kina mama wanapookota chaza, na hapo mnaharibu kitu kizima ili kupata kisichokuwepo.

Kabla ya kununua hata mche mmoja zaidi, pimeni usawa. Haihitaji chombo maalumu. Chagueni siku isiyo na upepo. Mtu mmoja asimame kwenye msitu wa asili ulio hai katika hori (mkono wa bahari) hilo hilo la kwenu, kwenye mti wa nje kabisa, wa aina mnayotaka kupanda. Mwingine asimame kwenye eneo lenu akiwa na simu na vijiti. Maji yakijaa na ukingo wake ukigusa shina la mti ule, wa kwanza apige simu, wa pili achomeke kijiti pale maji yalipofika kwake. Rudieni kwenye ukingo wa ndani, mti wa mwisho upande wa nchi kavu. Kati ya vijiti hivyo viwili ndipo mahali penu pa kupanda. Kama kijiti cha chini kimeangukia juu ya eneo lote mlilopanda, hakuna aina ya mbegu wala mbolea itakayowasaidia.

Waulizeni wazee kama pale paliwahi kuwa na miti, na tafuteni visiki. Pakiwa na visiki lakini hakuna mche ulioota wenyewe, kuna kitu kinazuia: barabara iliyokata maji, ng'ombe, mashapo (udongo unaoletwa na maji), au ukataji usiokoma. Hicho ndicho cha kushughulikia kwanza.

Swali: Karibu nasi kuna mashamba ya chumvi yaliyoachwa. Tunataka kuyarudishia mikoko. Tuanze na kitalu? (Kilifi)

Jibu: Anzeni na koleo. Shamba la chumvi limezungushiwa kingo, na ndani yake maji ama hayaingii ama yakiingia hayatoki. Maji yaliyotuama hupata moto juani, chumvi hupanda, na mbegu zinazoelea kuja haziwezi kupita ukingo. Tafuteni njia ya zamani ya hori (mara nyingi bado inaonekana kama bonde dogo lenye unyevu) na fungueni ukingo hapo hapo. Kufungua mahali pengine popote hakufai, kwa sababu maji yana mteremko wake. Chimbeni mifereji midogo ya kuunganisha vidimbwi ili maji yakipwa kila kitu kikauke juu. Kipimo ni hiki: nendeni saa mbili baada ya maji kutoka, dimbwi lililobaki linaonyesha mfereji uliokosekana.

Kisha subirini msimu mmoja au miwili ya mbegu. Kama kuna msitu jirani, mbegu zitaingia na maji, na mche uliochagua mahali pake wenyewe huwa na nguvu kuliko uliowekwa na mtu. Tunajua kusubiri ni kugumu, hasa mfadhili anapotaka picha za watu wameshika miche. Lakini idadi ya miche iliyopandwa haisemi chochote kuhusu msitu. Hesabuni iliyo hai baada ya miaka miwili. Patakapobaki mapengo, ndipo mpande, na mahali pa chumvi nyingi aina ya kwanza kufikiria ni mchu.

Swali: Mbegu zipi huchomekwa moja kwa moja na zipi zinahitaji kitalu? Na nafasi kati ya mche na mche?

Jibu: Mkoko wenyewe (aina mojawapo tu ya mikoko), muia na mkandaa hubeba mbegu ndefu iliyokwisha kuota ikiwa bado mtini, kwa hiyo huchomekwa moja kwa moja. Iliyokomaa huachia kofia yake kwa kuizungusha kidogo tu, na ya mkoko huonyesha mkanda wa manjano pale inapoungana na kofia. Ukihitaji kuvuta kwa nguvu, iache. Zikague: yenye tundu la mdudu, iliyovunjika ncha au iliyosinyaa itupwe. Chomekeni kama theluthi moja ya urefu, ncha iliyochongoka chini, wima. Msiigongomee kwa jiwe, na mkikuta ardhi ngumu tangulizeni kijiti. Kosa la kuichomeka kichwa chini hutokea kila panapokuwa na umati wa wanafunzi wasioelekezwa, kwa hiyo waonyesheni mmoja mmoja.

Nafasi ya mita moja kwa mita moja inakula miche 10,000 kwa hekta. Mita mbili kwa mbili ni 2,500. Ikiwa mnatarajia kuvuna miti iliyonyooka, pandeni karibu karibu. Ikiwa lengo ni msitu wa mchanganyiko, acheni nafasi ili mbegu za asili zipate pa kukaa. Pandeni siku za maji mafu (yasiyojaa sana), ili mbegu ipate siku kadhaa za kushika kabla ya bamvua kuja na mkondo wake.

Mchu, mlilana na mkomafi ni bora vipitie kitalu. Mbegu ya mchu ilowekeni mpaka ganda livuke lenyewe, kisha iwekeni juu ya tope na kuibonyeza kidogo tu, ukiizika inaoza. Haivumilii kukauka, basi msiikusanye leo mkaipanda wiki ijayo. Tunda la mlilana lilowekeni hadi lilainike, lipondeni kwa vidole, mzisuuze mbegu ndogo zilizopinda, mzimwage kwenye tope lenye unyevu, kisha mhamishie miche kwenye viriba (vifuko vya plastiki) ikishapata majani machache. Kitalu kiwe mahali bamvua inapofika, chini ya kivuli, na kivuli kiondolewe taratibu wiki chache kabla ya kupanda. Wakati wa kupanda, vueni kiriba. Bado tunaona vikundi vinavyozika mche na plastiki yake, halafu vinashangaa mizizi haiendi popote.

Swali: Kaa wanakata mbegu usiku huo huo tuliopanda. Kuna dawa?

Jibu: Msitumie dawa yoyote. Kaa ndio wanaotoboa ardhi ili mizizi ipumue. Hifadhini mbegu za mkoko siku chache kivulini chini ya gunia lenye unyevu kabla ya kuzipanda. Zikipoteza ubichi kidogo haziwavutii sana. Mahali kaa wamezidi, pandeni miche ya kitalu iliyokwisha kuwa na shina gumu.

Swali: Hapa Lamu tunategemea boriti na pau. Nikikata mkoko nikaacha kisiki kirefu, si kitachipua?

Jibu: La. Mkoko uliokomaa ukikatwa umekufa, hata kisiki kiwe kirefu vipi, kwa kuwa macho ya kuchipua kwenye shina lake hufa mapema. Mchu ndio huchipua tena. Kwa hiyo anayevuna mkoko anategemea miche iliyo chini tu. Kabla ya kukata, angalia kama ipo, acha miti mama yenye mbegu ikiwa imetawanyika, na usiburute magogo juu ya miche. Wengi huchagua miti iliyonyooka yote na kuacha iliyopinda; msitu unabaki kijani kwa macho lakini hauna tena kitu cha kujengea. Kumbuka pia kwamba mikoko ya Kenya imekuwa msitu wa serikali tangu 1932, kwa hiyo kibali cha Huduma ya Misitu ni lazima. Kwa Tanzania Bara, milango ya kugonga ni ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania.

Swali: Mchu wetu umekauka eneo zima baada ya mafuriko, na hakuna aliyeukata. (Rufiji)

Jibu: Chimbeni kidogo kando ya shina. Mchu hupumua kwa mizizi inayochomoza juu ya tope kama penseli. Mafuriko yakimwaga mashapo na kuifunika, mti hukosa hewa na kufa ukiwa umesimama. Mikoko ya Mwache, Mombasa, nayo iliharibiwa na mashapo baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998. Uwanja sasa umeinuka, kwa hiyo pimeni usawa upya kabla ya kurudisha aina ile ile. Na kama kingo za mto huko juu zinalimwa hadi ukingoni, udongo utarudi.

Swali: Tunasikia Gazi, Kwale, wanalipwa kwa kaboni (hewa ukaa inayoshikwa na miti). Sisi tukipanda ekari tano tutalipwa?

Jibu: Kwa ekari tano peke yake, hapana: gharama za upimaji na ukaguzi zitakula kila kitu. Mradi wa Mikoko Pamoja wa Gazi na Makongeni, ulioanza 2013, unahusu hekta 117, na sehemu kubwa ni msitu uliokuwepo tayari ambao wanakijiji wameahidi kuulinda. Upandaji ni sehemu ndogo. Mauzo yao ni kama tani 3,000 za kaboni dioksidi kwa mwaka, na fedha huenda kwenye maji, shule na mengine yanayoamuliwa kijijini. Mradi wa Vanga, Jimbo na Kiwegu ni mkubwa zaidi, una hekta 460.

Nguzo za mradi wa Gazi ni makubaliano ya maandishi na serikali kuhusu usimamizi wa msitu, kamati inayotoa hesabu hadharani, na mvinje uliopandwa nchi kavu ili watu wapate miti ya kujengea na kuni. Hilo la mvinje msiliruke. Ukizuia ukataji hori hili bila kutoa mbadala, shoka linahamia hori la jirani. Anzeni na makubaliano na mvinje, jiungeni na vijiji vinavyopakana nanyi, kisha ndipo mtafute mpimaji wa kaboni.