Maswali yenu: AI ya kumsaidia mtu, na hii kazi yangu ya posidoki

Tangu watu wasikie nimepata posidoki ya mambo ya akili mnemba (AI), ile ya kumkamilisha binadamu, maswali hayaishi, ya kwenye mwendokasi, ya msibani, ya kwenye grupu la familia. Najibu yale yanayojirudia.

Mwanangu si ulishamaliza PhD, sasa unasoma nini tena? (Mama mkubwa, Kimara)

Shikamoo mama mkubwa. Sisomi, nafanya kazi. Posidoki ni ajira ya utafiti ya muda kwa mtu aliyeshamaliza PhD, mara nyingi mkataba wa mwaka mmoja mpaka mitatu, mshahara upo ila mwishoni hamna joho wala cheti cha kuning'iniza sebuleni. Na lile swali lako lingine la mchumba ntakujibu tukionana.

Hiyo AI ya "kumkamilisha binadamu" ndo ipi? AI si AI tu? (Fundi simu, Kariakoo)

Kaka, ni ile inayoziba pale mtu asipoweza, sio ya kumwiga tu. Mfano wangu hauna hata kompyuta, una panya. Pale SUA Morogoro shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa makohozi, yani sampuli ambayo zahanati imeshapima ikasema hamna TB inapitishwa tena kwa panya, akiganda kwenye kishimo chenye sampuli ananusa tu haondoki basi sampuli hiyo inarudi maabara mtu aihakikishe. APOPO wenyewe wanasema panya mmoja anapitia sampuli 100 ndani ya dakika 20. Watu wengi hapo wanashangaa spidi, mi nashangaa kitu kingine: panya ana pua ambayo mtu hana, mtu ana hadubini na ndiye anayejua huyu mgonjwa aitwe aanze dawa, kwahiyo makosa yao hayafanani. Panya akimwiga tu mtu wa maabara hata kwa spidi kubwa vipi, wale wagonjwa waliopita mwanzo bila kugundulika watapita tena. Sasa mtoe panya weka AI, ndo utafiti wangu huo. Na wazo sio jipya, Licklider kule Marekani aliandika mwaka 1960 kuhusu mtu na kompyuta kutegemeana, kila mmoja na anachokiweza.

Lakini mtu ukimuongezea AI si lazima matokeo yawe mazuri zaidi? (Mwanafunzi, Mlimani)

Hata mi niliamini hivyo mdogo wangu, na ingekua kweli nisingekua na kazi. Mwaka 2024 watafiti wa MIT, chuo cha Marekani, walichapisha kwenye jarida la Nature Human Behaviour uchambuzi wa majaribio 106 ya watu wakifanya kazi na AI, na kwa wastani timu ya mtu na AI ilizidiwa na yule aliye bora kati ya mtu peke yake na AI peke yake. Cheki hii: kutambua aina za ndege, watu walipata 81%, AI 73%, wakiwa pamoja 90%, safi kabisa. Kuja kwenye kukamata maoni feki ya wateja wa hoteli, AI 73%, watu 55%, pamoja 69%, yani mtu kaja kuharibu! Kwenye ndege watu walikua wanajua wanachokiangalia, kwahiyo walijua saa ngapi waisikilize mashine na saa ngapi waipuuze, kwenye hoteli walikua wanabahatisha tu.

Ni kama konda. Konda anayegonga bodi kila dakika dereva anaishia kutomsikia, na siku kuna bodaboda ubavuni kweli ndo hivyo tena. Mi nashughulika na hiyo ya mashine kujua wakati wa kunyamaza na wakati wa kusema "hapa sina uhakika, angalia wewe". Wengine walidhani dawa ni mashine ijieleze kwanini imesema hivyo, kumbe kuna utafiti wa 2021 ulionyesha maelezo yanawafanya watu wakubali tu, iwe imepatia au imekosea. Ukiongea vizuri unaaminika, hata hapa mjini tunawajua wa hivyo.

Nipo huduma kwa wateja, nakaa napokea simu. Nibaki au nitafute mchongo mwingine? (Dada, Mikocheni)

Dada kuna utafiti umekugusa moja kwa moja, ulitoka 2023, wahudumu zaidi ya 5,000 walipewa AI ya kuwapendekezea majibu wakati wanaongea na wateja. Kwa wastani matatizo ya wateja waliyomaliza kwa saa yalipanda 14%, wageni kazini wakapanda 34%, wakongwe karibu hamna kitu. Hapo nina neno: mashine ilijifunza mazungumzo ya wale wazuri, halafu ikawapa wageni, kwahiyo kama we mkongwe ujue ndo unakua mwalimu bila kuambiwa, ukae na bosi mapema muongelee hela. Na wakija kupunguza watu, atakua ameamua bosi, sio AI.

Nina PhD ya saikolojia, kuandika programu za kompyuta sijui. Naweza kuomba posidoki kama yako? (Msomaji, Tabata)

Omba. Nusu ya kazi ni kukaa na watu uone wanavyoamua, programu utasaidiwa. Ila usiandike "AI kwa afya Tanzania" ukaishia hapo. Mfano mwaka 2021 WHO ilikubali programu zisome eksirei za kifua kutafuta TB kwa wenye miaka 15 na kuendelea badala ya msomaji binadamu. Sawa, sasa kwenye kituo kisicho na daktari wa eksirei mashine inashirikiana na nani? Ni tabibu ana foleni mpaka nje na hajawahi kufundishwa kuibishia kompyuta. Majaribio mengi ya huko nje mtu anayewekwa pembeni ya mashine ni bingwa. Anza na huyo tabibu, ukurasa mmoja unatosha, na taja umeme ukikatika anafanyaje.